Anayeamuru Tovuti Ifungwe Ajulikane

Barua ya wazi kwa Bodi ya KeNIC, watunzaji wa majina ya .ke, na kwa Mkurugenzi Mkuu na Bodi ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Chepseon, kando ya barabara kuu itokayo Kericho kwenda Nakuru, ambako ninaendesha saiba. Wanaoingia dukani kwangu ni wakulima wa chai, walimu, waendesha bodaboda na wanafunzi. Huyu anatafuta cheti cha kuzaliwa kwenye eCitizen, yule anawasilisha ritani za KRA, mwingine anaomba mkopo wa HELB. Siku hizi huja pia vikundi vya vijana na vya akina mama vinavyotaka tovuti yao wenyewe, yenye jina linaloishia kwa .co.ke au .or.ke, na mimi ndiye huwasaidia kuisajili na kuilipia. Hivyo ndivyo nilivyokuja kuwajua ninyi: KeNIC mnaotunza daftari la majina yote ya .ke, na Mamlaka mnaowapa KeNIC leseni na kuwasimamia watoa huduma wote wa mawasiliano nchini.

Nitaje ombi langu mapema. Naomba mchapishe kila mwaka, kwa idadi, ni mara ngapi polisi, mahakama, wizara au idara yoyote iliwataka mfunge jina, mzuie huduma au mtoe habari za mteja. Ni nani aliyetaka. Alitegemea kifungu gani cha sheria. Mara ngapi mlikubali na mara ngapi mlikataa. Tena naomba kila mwenye jina lililofungwa aandikiwe barua inayomwambia nani ameamuru na wapi pa kukata rufaa.

Kuna kikundi cha vijana huku kwetu kinachotengeneza chai ya zambarau kwa mkono. Mche wenyewe, TRFK 306, ulitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa hapa hapa Kericho, na vijana hawa waliona kwamba wakiisokota na kuikausha wenyewe watapata bei ambayo majani mabichi hayatawahi kuwapa. Wakatengenezewa tovuti. Wanunuzi wakaanza kuandika kutoka Nairobi, kutoka Mombasa, hata Ujerumani. Asubuhi moja, katika majuma ya kuelekea Krismasi, tovuti ikakataa kufunguka. Ada ilikuwa imelipwa. Nilipigia simu kampuni tuliyojisajilia kwayo, nikajibiwa kwamba wameagizwa. Na nani? Aliyepokea simu akanyamaza kidogo, kisha akasema hana ruhusa ya kusema. Barua pepe nilizoandika hazikujibiwa. Baada ya majuma kadhaa tovuti ikarudi kama ilivyoondoka, bila neno. Mnunuzi wa Mombasa aliyekuwa ametuma malipo ya awali alikwisha kuwaita vijana wale matapeli, na hajarudi.

Sisemi ni KeNIC mliofanya, wala Mamlaka. Huenda aliyeagiza ni polisi, huenda ni karani aliyekosea herufi moja katika jina. Kinachoniuma ni kwamba kosa la karani na amri ya polisi vilifanana kabisa machoni petu, kwa kuwa vyote viwili vingetuachia ukurasa mtupu ule ule. Mkulima akipeleka majani kwenye kituo cha kununulia hupimiwa mbele ya macho yake na kupewa risiti ya kilo zake. Akipunjwa, anayo karatasi ya kuwaonyesha wakubwa wa kiwanda. Vijana hawa walifungiwa soko lao zima na hawakupewa hata karatasi.

Kwa kuwa barua hii itasomwa pia na watu ambao hawajawahi kusajili jina, nieleze jinsi jina linavyofungwa. Katika daftari la KeNIC, lenye majina zaidi ya 100,000, jina huweza kusimamishwa bila kufutwa. Kompyuta popote duniani ikiuliza jina hilo liko wapi, haipewi jibu. Tovuti yenyewe iko salama kwenye seva yake, picha zipo, bei zipo, lakini hakuna awezaye kuifikia kwa jina lake. Barua pepe zinazotumia jina hilo hukatika pamoja nayo, jambo ambalo wengi hawalifikirii: kikundi kinapoteza duka, na papo hapo kinapoteza njia ya kuwaeleza wateja kilichotokea. Hilo ni lango la kwanza. Lango la pili ni kampuni za simu na intaneti, ambazo Mamlaka huziagiza zizuie huduma fulani, hata ikiwa huduma hiyo iko ng'ambo na haina uhusiano wowote na .ke. Anayefungiwa katika malango yote mawili haoni mkono uliofunga.

Lango hilo la pili tumeliona likifungwa. Novemba 2023, wakati wa mitihani ya KCSE, Telegram ilikwama nchini. Mwaka uliofuata Mamlaka iliziandikia kampuni za simu, kwa barua ya tarehe 31 Oktoba 2024, ikizitaka ziizuie Telegram asubuhi na alasiri, saa za mitihani, hadi mitihani imalizike. Sababu ilikuwa ya kweli. Nimewaona wazazi wakitoa pesa kwa matapeli waliodai kuwa na karatasi za mtihani kwenye Telegram, na sina huruma na matapeli hao. Lakini huku kwetu hakuna aliyesikia tangazo. Mwalimu aliyekuwa akipokea notisi za kozi yake kwenye Telegram alidhani simu imeharibika, akaipeleka kwa fundi. Habari za barua ile zilitufikia kupitia magazeti. Tangazo la aya moja kwenye tovuti ya Mamlaka, linalotaja kinachozuiwa, saa zake, kifungu cha sheria na siku ya mwisho, lingemnufaisha tapeli kwa lipi? Tapeli huwa wa kwanza kujua kwamba huduma imezimwa. Anayeachwa gizani ni mwalimu.

Usiri huu unawaumiza hata ninyi. Tarehe 24 Juni 2024 Mamlaka ilitangaza kwamba haikuwa na nia ya kuzima intaneti wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Kesho yake, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, intaneti ilizorota nchini, na Safaricom ikasema tatizo lilikuwa kwenye nyaya mbili za chini ya bahari. Yawezekana ndivyo ilivyokuwa. Ila kwa mwananchi asiye na rekodi yoyote ya kuangalia, maelezo ya kweli na maelezo ya uongo yana uzito mmoja. Katika saiba yangu sijakutana na mtu hata mmoja aliyeamini habari ya nyaya. Taasisi yenye desturi ya kuchapisha kila agizo inalopokea ingeweza kusema: hesabu yetu ni hii, siku ile hatukupokea agizo wala hatukutoa. Nani angebisha?

Sasa kuna sheria mpya inayofanya ombi langu lisiwe la kungoja. Marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, yaliyotiwa saini tarehe 15 Oktoba 2025, yanaipa Kamati ya Kitaifa iliyoundwa na sheria hiyo ya 2018 uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifanywe isifikike, pale inapothibitika kwamba inaendeleza shughuli haramu, uchafu wa kingono unaohusu watoto, ugaidi, au itikadi kali za kidini na madhehebu potovu. Baada ya Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja ilifukuliwa, sioni Mkenya wa kubisha kwamba mahubiri yanaweza kuua. Swali ni hili: inathibitika mbele ya nani? Kifungu hicho hakimtaji hakimu. Na marekebisho hayo hayo yameweka njia ya pili, ya kwenda mahakamani kuomba amri ya kuondoa maudhui au kufunga tovuti. Afisa akiwa na njia mbili, moja ina hakimu na nyingine haina, na ana haraka, atapita wapi?

Kamati haina swichi, waheshimiwa. Agizo lake litawafikia ninyi, na watumishi wenu ndio watakaobonyeza. Ndiyo maana siandiki kwa Bunge wala kwa Ikulu. Ninyi mnajua kila jina linalofungwa, tarehe yake, na barua iliyolifunga. Daftari hilo mnalo, na hakuna mwingine mwenye nalo lote.

Kufunga tovuti ni upande mmoja. Upande wa pili ni kufichua mtu, na huo ndio unaowatia hofu wateja wangu zaidi. Mwisho wa Mei 2025 Rose Njeri alikamatwa kwa kutengeneza ukurasa uliowasaidia wananchi kuliandikia Bunge barua pepe kuhusu Mswada wa Fedha. Juni mahakama ikalitupa shtaka lake. Tarehe 7 Juni mwaka huo huo Albert Ojwang, mwalimu, alichukuliwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa mtandaoni kuhusu afisa wa ngazi ya juu wa polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi na akafia mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central. Sidai kwamba KeNIC au Mamlaka mlitoa jina la mmoja wao. Ninachosema ni kwamba tangu wakati ule kila kijana anayekuja kusajili tovuti huniuliza: jina langu na namba yangu ya simu vinakwenda wapi, na nani anaweza kuviomba? Mimi ndiye ninayevijaza kwenye fomu. Ningependa niwe na jibu.

Oktoba 2024 gazeti la Nation lilichapisha uchunguzi uliodai kwamba vyombo vya usalama vinazifikia data za wateja wa Safaricom kwa urahisi mno. Safaricom ikakana, ikisema haitoi data ila kwa amri ya mahakama. Ubishi wa namna hii humalizwa na hesabu. Amri za mahakama ni ngapi kwa mwaka? Zimekataliwa ngapi? Mwaka 2014 Vodafone, mmoja wa wenye hisa wakubwa katika Safaricom, ilichapisha hesabu za maombi ya serikali katika nchi ilikofanya kazi. Tanzania ilionyeshwa kuwa na maombi 98,765 ya taarifa za mawasiliano katika mwaka mmoja. Kwa Kenya haikutolewa idadi. Majirani zetu, ambao tumezoea kuwahurumia kwa ukali wa sheria zao za mtandao, walipata kujua idadi ambayo sisi hatukupewa.

Na ukali huo upo kweli, nisije nikaonekana ninausifu. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa Dar es Salaam kwa kukataa kuwapa polisi utambulisho wa watu walioandika katika mtandao wake kuhusu ufisadi. Miongoni mwa mashtaka aliyofunguliwa lilikuwamo la kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa jina la .tz. Mwisho wa anwani ya tovuti, ambao wengi wetu tunauona kuwa pambo tu, uligeuzwa kuwa kosa la jinai. Aprili 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi, akatozwa faini ya shilingi milioni 3 za Tanzania. Kesi hizo tunazijua kwa sababu Melo alikataa, na kukataa kwake kukampeleka mahakamani, ambako mambo husemwa hadharani. Wasimamizi waliokubali kimya kimya hatutawajua kamwe. Hilo linanisumbua kuliko kesi yenyewe.

Ninachoomba hakijawahi kuvunja kazi ya polisi kwingine. Nominet, wanaotunza majina ya .uk, huchapisha kila mwaka idadi ya majina waliyoyasimamisha kwa maombi ya polisi na idara nyingine, pamoja na idara iliyoomba. Katika mwaka ulioishia Oktoba 2018 walisimamisha majina zaidi ya 32,000, mengi kwa ombi la kitengo cha polisi wa London kinachopambana na bidhaa bandia. Miaka mitatu baadaye idadi ilikuwa imeshuka hadi chini ya 4,000. Mtu anaweza kubishana juu ya sababu za kushuka huko, na hilo ndilo jambo ninalolitaka: kuwe na kitu cha kubishania. Shirika la RIPE NCC, linalogawa anwani za IP Ulaya na Mashariki ya Kati, huchapisha taarifa ya mwaka kuhusu maombi ya vyombo vya dola. Novemba 2011 polisi wa Uholanzi walipoliagiza lizuie mabadiliko kwenye anwani zilizohusishwa na wahalifu, lilitangaza agizo hilo kwa wanachama wake na kwenda mahakamani kuuliza kama polisi walikuwa na uwezo huo. Binti wa hapa Chepseon anayefanya kazi Saudi Arabia yuko katika eneo la RIPE NCC. Angetaka kujua ni mara ngapi polisi wamelibishia hodi shirika hilo, angesoma. Mama yake, huku nyumbani, naye angependa kusoma habari za kwao.

Katika bara letu tumeonja matokeo ya daftari la kiufundi kuachiwa watu wachache bila macho ya umma. AFRINIC, shirika la Mauritius linalogawa anwani za IP za Afrika, lilichapisha mwaka 2021 matokeo ya ukaguzi wake lenyewe: anwani zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimechukuliwa kutoka kwenye hazina yake bila idhini. Wizi huo ulitokea ndani, na waliouibua kwanza walikuwa mtafiti na mwandishi wa habari waliokuwa nje ya shirika.

Najua jibu litakalotolewa kwanza: uchunguzi una siri zake, na mtuhumiwa akiambiwa mapema atafuta ushahidi. Nakubali, kabisa. Afisa wa DCI anayemfuatilia mtu anayeuza picha za watoto hapaswi kumtumia notisi. Lakini idadi ya mwaka haimtaji mtu. Na siri ya uchunguzi ina mwisho wake: mwenye jina anaweza kuarifiwa baada ya miezi 6, au baada ya kesi kufunguliwa, au siku hakimu atakayoipanga. Siri isiyo na tarehe ya mwisho hailindi uchunguzi tena, inamlinda aliyetoa amri.

Watu wa Kericho wana sababu yao ya kushikilia jambo la maandishi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai katika ardhi ya Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto, mbung'o na malaria. Familia nzima zilihamishwa, wazee kwa watoto. Ilikuwa dhuluma, lakini ilikuwa dhuluma iliyoandikwa. Ilikuwa na jina la sheria, mwaka, na sahihi. Wajukuu walipowafikia wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2022 wakapeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, walikuwa na nyaraka mkononi. Mkoloni aliyewadhulumu aliwaachia ushahidi. Serikali yetu wenyewe, chini ya Katiba ya 2010 inayotupa haki ya habari katika Kifungu cha 35 na haki ya kupewa sababu kwa maandishi katika Kifungu cha 47, itawaachia nini wajukuu wa wanaofungiwa leo kwa simu ya dakika mbili?

Kwa hiyo ombi la tatu, ambalo sikulitaja mwanzoni: msitekeleze agizo lolote la mdomo. Anayetaka jina lifungwe aandike, ataje cheo chake na kifungu cha sheria. Ikiwa ni dharura ya maisha ya mtu, mfunge, kisha barua ifuate katika saa 24, na isipofuata jina lifunguliwe. Afisa mwenye sababu halali hatashindwa kuandika mistari 5. Mtumishi wenu mdogo, yule anayepigiwa simu usiku na mtu anayejitambulisha kwa cheo kikubwa, atapata pa kusimama. Nadhani yeye ndiye atakayewashukuru zaidi.

Mamlaka mna mazoea mazuri ya takwimu. Kila robo mwaka mnatuambia idadi ya laini za simu, dakika za maongezi na matukio ya vitisho vya mtandao, na mimi husoma. Ongezeni ukurasa mmoja. KeNIC si idara ya serikali, najua; lakini Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inagusa pia taasisi binafsi zinazofanya kazi ya umma, na sioni kazi ya umma kuliko kutunza jina la nchi.

Barua hii basi ni ombi rasmi chini ya sheria hiyo, ambayo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa miaka ya 2023, 2024 na 2025, naomba kutoka kwa KeNIC idadi ya majina ya .ke yaliyosimamishwa kwa agizo la mtu asiye mwenye jina, idara zilizoagiza, na ni mangapi yalikuwa na amri ya mahakama; na idadi ya maombi ya utambulisho wa wenye majina, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Kutoka kwa Mamlaka naomba nakala za maagizo yote ya kuzuia huduma yaliyotumwa kwa kampuni za simu na intaneti katika miaka hiyo, likiwamo lile la 31 Oktoba 2024. Majina ya watu binafsi yafutwe, siyahitaji. Majibu yawekwe kwenye tovuti zenu ili kila mtu ayasome, nami nitayachapa niyabandike mlangoni mwa saiba kwa wasio na bando.

Sheria inawapa siku 21 tangu mpokee ombi. Nakala imepelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambako nitaomba mapitio ikiwa mtakataa au mtanyamaza.

Wenu,
Mwenye saiba,
Chepseon, Kaunti ya Kericho